Walipomwaga Kikapu Changu cha Zipu

Mimi bibi yenu sijawahi kudanganywa na mtu hapa duniani!

Isipokuwa na mume wangu wa kwanza. Na wa pili. Na yule jamaa aliyenitengenezea meno haya ya bandia akaniapia kwamba hayatacheza... Hapa ninapoandika nimeyazuia kwa ulimi.

Basi, ukiwatoa hao, sijawahi kudanganywa.

Mpaka siku ile mjukuu wangu, damu yangu, niliyembeba mgongoni hadi mgongo ukapinda, aliponinyooshea kidole mbele ya wazazi wake akasema:

"Hicho ni cha Bibi!"

Nikavaa miwani nikione hicho changu.

Kikapu changu cha zipu kilikuwa kimepinduliwa katikati ya sebule. Zipu za suruali, zipu za mabegi, vichwa vya zipu vimetawanyika hadi chini ya kochi. Na katikati ya mali zangu hizo kimelala kidude cha rangi ya waridi, kinang'aa kama kucha za bibi harusi.

Vepu!

Kwa wale wa rika langu mnaosoma huku mmekunja uso, hiyo ni sigara ya umeme. Unaichaji kama simu, unainyonya kama mtoto mchanga, unatoa moshi unaonukia matunda, halafu unajiona mjanja. Mtu na akili zake timamu ananyonya betri! Haya.

"Mama," mwanangu akaniuliza, "ni kweli?"

Huyu mwanangu ni fundi wa lifti. Kazini anapandisha watu na kushusha watu, na akirudi nyumbani mkewe anampandisha na kumshusha vilevile. Nilimzaa mwenyewe, ila uti wa mgongo sikumbuki kama nilimpa.

"Hebu jibu, Mama!" Huyo sasa ni mkwe wangu. Anakaa mapokezi kwenye ofisi ya bima, kutwa nzima anawaambia watu "subiri hapo", na amezoea kusubiriwa.

Yeye ndiye aliyeanzisha msako. Alitoka bafuni anavuta pua kama mbwa wa polisi.

"Kuna harufu ya stroberi! Nani kala stroberi chooni?"

Akapekua chumba cha bintiye, hola. Kabati la mumewe, hola. Ndipo kaka yake, ambaye mjukuu wangu anamwita Mjomba na sisi wote tukafuata, akasema kwa sauti laini kama mafuta ya nywele:

"Na kwa Mama mmeangalia?"

Mjomba ana duka la simu. Makava, chaja, spika za kelele. Miwani yake ya jua huivaa utosini, sijui ubongo wake ndio unaoumizwa na mwanga. Alikuwa amekuja "kusalimia tu".

Nikamtazama mjukuu wangu. Miaka kumi na sita, miguu mirefu, akili fupi za umri wake. Mkono mmoja umeninyooshea kidole. Mkono wa pili umekamata pindo la sketi, unalisokota, unalisokota...

Na macho hayakuwa kwangu! Yalikuwa kwenye kile kidude, vile mtu mwenye njaa anavyotazama sahani ya mwenzake.

Nikajua.

Ningekataa, mtoto angekula kipigo pale pale, wazazi wangejisifu kwamba wamelea, na anayempa vitu hivyo angelala salama kwake.

"Ndiyo," nikasema. "Ni changu. Nirudishieni."

Mwanangu akashika kichwa.

"Mama!!!"

"Nini? Sheria si inataka miaka kumi na nane? Mimi hiyo kumi na nane niliitimiza, nikaimaliza, nikaanza upya mpaka nikachoka kuanza. Au niwaletee kitambulisho?"

Mjukuu wangu mdomo wazi. Nadhani hakutegemea mzigo aliourusha udakwe.

Hapo Mjomba akasimama kutoa hotuba. Watu wa aina hii hawawezi kuongea wamekaa.

"Mama, kwa heshima zote. Mimi nina duka. Walikuja watu wa jumla kunibembeleza niuze huo uchafu, nikawafukuza! Kitu hicho sijawahi hata kukigusa. Kuna mambo ya umri, Mama! Hawa watoto ni wa kulindwa!"

Akaweka mkono kifuani. Ilibakia tu aimbe.

"Sikieni!" mkwe wangu akadakia, machozi yamemjaa. "Kaka yangu ana uchungu na mtoto kuliko bibi yake! Baba watoto, chagua. Mimi au huyu mvutaji!"

Mwanangu akalitazama zulia. Zulia halikumsaidia.

"Mama... labda ukakae kwa dada yako kidogo."

Dada yangu ana vyumba viwili, na kimoja wanalala mbuzi.

"Lini?"

"Jumamosi," akajibu Mjomba. Wala hakuulizwa yeye! "Nitaleta pikapu. Na kile chumba kisikae bure, nitakifanya stoo."

Mniwie radhi niwaeleze chumba chenyewe. Ni cha mbele, kina mlango wake na dirisha linaloangalia barabara. Hapo ndipo ninapokaa na mkasi, mshumaa wa kulainishia meno ya zipu na koleo dogo. Wanafunzi wakitoka shule, begi limepasuka mdomo, wanaishia kwangu. Ndiyo kazi yangu, na ndicho chumba nilichokusudia kufia. Sasa kinagawiwa kama keki mwenyewe nikiwa nimekaa papo hapo!

Nikaokota zipu zangu moja moja. Hakuna aliyeinama kunisaidia.

Basi kama ni mvutaji, nikasema, niwe mvutaji kamili. Nikakifunga kile kidude uzi nikakivaa shingoni, pamoja na miwani. Mkwe wangu akipita, nakigeuza geuza. Akisonya, nakibusu.

Mwanangu aliponichungulia jioni, nikaona nivute kidogo ili nisionekane mwongo.

Jamani!

Ladha ya stroberi iliyopikwa na waya! Nilikohoa mpaka meno yakatoka yakatumbukia kwenye kopo la vichwa vya zipu. Mwanangu alipiga magoti kunitafutia, akanikabidhi meno na zipu ya sketi imeng'ang'ania jino la mbele.

"Mama, kwa nini unajitesa?"

"Starehe, mwanangu. Hii ndiyo starehe ya kisasa."

Nawaambia ukweli, sijawahi kuona starehe ya kijinga kama ile. Angalau pombe mtu anacheza muziki.

Lakini macho yangu yalikuwa kwa mjukuu...

Siku ya kwanza akaja na fagio. "Bibi, nikufagilie chumba?" Huyu ambaye kijiko chake mwenyewe hukiosha kwa kukilamba!

Siku ya pili akaja kunikanda miguu, macho yako shingoni kwangu.

Siku ya tatu akamfokea mama yake, akagombana na rafiki yake kwenye simu, akalia kwikwi kwa sababu ya soksi moja iliyopotea. Jasho linamtoka na hakuna joto.

Mchana mmoja wakubwa wote wako makazini, akaingia kwangu. Akafunga mlango wa barabarani. Akarudishia na pazia.

"Bibi."

"Naam, shahidi wa serikali."

"Bibi banaa... nisamehe."

"Nimesamehe. Kwaheri."

Hakuondoka. Akapiga magoti kabisa.

"Bibi, nikikuomba kitu hutakasirika?"

"Omba tuone."

"Nivute kidogo. Mara moja tu, naapa!"

"Uvute nini?"

"Hicho changu."

"Cha nani?!"

Akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Amechelewa.

Sikumpiga, sikupiga kelele. Nilikivua nikakiweka mezani, kati ya mkasi na mshumaa.

"Hicho hapo. Lakini kwanza kaa, nipe habari za shule."

Akaanza. Mwalimu wa hesabu... jicho mezani. Rafiki yake amesuka nywele mpya... jicho mezani. Watafanya mitihani... jicho mezani.

Nikakichukua nikakihamishia upande wa pili wa meza. Kichwa chake kikafuata, kama kuku aliyeona punje.

Nikakirudisha. Kichwa kikarudi.

Akajiona mwenyewe. Akaikalia mikono yake.

"Mjukuu wangu," nikamwambia, "mama yako anakuita hadi koo linakauka, huitiki. Mwalimu akikutuma unaburuta miguu. Hiki hakina mdomo, hakina miguu, kimelala tu, na wewe umekuja mbio, umefunga mlango, umepiga magoti. Nani bosi wako?"

"Bibi, kila mtu anavuta! Si mbaya kama sigara. Ni mvuke tu."

"Mvuke hata sufuria yangu inatoa. Mbona hujaja kuninyang'anya sufuria?"

Akataka kucheka. Kikatoka kilio.

"Ina nikotini," akasema kwa sauti ya chini. "Imeandikwa kwenye boksi."

"Kumbe unasoma! Nilidhani unanusa tu."

"Lakini nikifikisha kumi na nane itakuwa ruksa. Ni suala la muda."

"Eeee! Na usiku wa kuamkia siku hiyo wanakuja kukuwekea mapafu mapya?"

"Bibi!"

"Nauliza tu. Mimi niliishia shule ya msingi, huenda mambo yamebadilika."

Akapangusa kamasi kwa kiganja. Kisha akaniuliza swali ambalo lilinifanya niweke koleo chini, kwa sababu aliuliza kwa dhati.

"Kwani kwa nini nyie wakubwa mruhusiwe, sisi tukatazwe? Si uonevu huo?"

"Unadhani wameruhusiwa kwa sababu wana akili? Umewahi kumwona baba yako akikunja shuka?"

"Hapana..."

"Basi si akili. Nesi wa zahanati, nilipokwenda kwa ajili ya goti langu, alinieleza hivi. Ubongo wenu bado uko kwenye ujenzi mpaka mpite miaka ishirini na kitu. Nikotini ikinikuta mimi, inakuta nyumba imeshaezekwa, itabisha hodi, inaweza hata kufukuzwa, kwa taabu. Ikikukuta wewe bado unamwaga zege, inajijengea chumba chake humo humo! Kuitoa mpaka ubomoe ukuta. Na wenye viwanda wanalijua hilo kuliko nesi. Hebu fikiri, hiyo stroberi wamenitengenezea mimi? Mimi na haya meno?"

Akakitazama kile kidude. Safari hii alikitazama vingine, kama mtu anayemkagua mchumba baada ya kusikia habari zake.

"Mara ya mwisho umekaa kipindi kizima darasani bila kukiwaza ni lini?"

Akafikiri. Akafikiri tena.

"Sikumbuki, Bibi."

"Hm."

"Asubuhi kabla sijafumbua macho mkono unakitafuta chini ya mto. Siku hizi hakipo... kichwa kinauma, nagombana na kila mtu. Nilidhani naweza kuacha nikitaka. Nimetaka, Bibi. Sijaweza." Akanishika gauni. "Naogopa."

Hapo mjinga angeanza kuhubiri. Mimi nilimpa koleo na begi bovu.

"Shika hapo. Ng'oa hiki kichwa cha zipu."

Akang'oa. Nikampa begi lingine. Mikono ikiwa na kazi, mdomo unalegea wenyewe, hilo nimeliona kwa kila aliyewahi kukaa kwenye kigoda changu cha wateja. Sikumuuliza chochote. Tulifika kwenye begi lenye zipu ya chuma, kutu tupu, akasema bila kuinua kichwa:

"Ni Mjomba."

Koleo sikuwa nalo, la sivyo lingedondoka.

"Alinipa zawadi nilipofaulu. Akasema ni mvuke tu, ni mambo ya kisasa. Kilipoisha akasema cha pili nitapewa bure nikiwapelekea wenzangu shuleni. Naweka kwenye pochi ya penseli..."

"Endelea."

"Siku ile Mama aliposikia harufu, Mjomba alikuwa hapa. Akaniambia haraka, katupe kwenye kikapu cha Bibi, sema ni chake."

"Akasema kwa nini mimi?"

"Alisema wewe ni mtu mzima, hawawezi kukupiga. Watakuhamisha tu."

Watakuhamisha tu!

Wasomaji wangu, nimetukanwa sana maishani, na nimetukana zaidi. Lakini kuhamishwa tu? Kama kabati? Kama kabati lililong'oka mguu?

"Na chumba changu anakitaka cha nini hasa?"

"Kiko kwenye njia ya kwenda shule. Alisema kutakuwa na stoo ndani, halafu tutauzia dirishani."

Tutauzia! Yaani na ajira ameshapewa!

Sasa mnaelewa mzigo niliokuwa nao. Pikapu ikinibeba Jumamosi, yule mwenye miwani ya utosini anabaki kwenye dirisha langu, na mjukuu wangu yuko naye, na mabegi ya shule nzima yanapita hapo.

"Mwambie mama yako," nikamwambia.

"Hataniamini."

"Jaribu."

Nisingemwambia ajaribu laiti ningejua. Jioni ile nilisikia kibao kutoka jikoni. Paa!

"Kaka yangu?! Unamchafua kaka yangu?! Nani kakufundisha maneno hayo? Bibi yako, eh? Jumamosi inachelewa!"

Mtoto akaja kwangu ameshika shavu.

"Nilikuambia," akasema.

"Uliniambia. Sasa nyamaza. Usimtaje mtu, usijibishane na mtu. Mwongo mwenyewe ndiye atakayesema."

"Atakubali vipi?"

"Hatakubali. Atasema tu."

Jumamosi ikafika. Pikapu ikapiga honi asubuhi mapema, Mjomba akaingia na futi ya kupimia. Futi! Kitanda changu bado kina joto, yeye anapima ukuta wa rafu zake!

"Mama, mbona hujafungasha?"

"Nafungasha, baba. Njoo kwanza sebuleni tuagane vizuri, tusije tukaachana na vinyongo."

Akaja. Walikuwapo wote. Mwanangu na zulia lake. Mkwe wangu amevaa vizuri kama anayekwenda kwenye sherehe. Mjukuu wangu kwenye kona, kimya kama nilivyomwambia.

"Mjomba," nikaanza, mnyenyekevu mpaka nikajichukia, "wewe ni mtu wa vifaa. Hizi vepu, kweli hujawahi kuuza?"

"Mama! Nimeshasema! Sijauza, sijagusa, hata inavyowashwa sijui!"

"Kaka yangu si mtu wa mambo hayo," mkwe akasema. "Mimi nipo tayari kuapa."

"Haya, yaishe. Nilitaka tu mtu mwenye duka halali anisaidie kumlaani huyu aliyeniuzia." Nikakivua shingoni nikakiinua juu. "Maana hiki ni feki."

Jicho la Mjomba likacheza.

"Feki?"

"Feki mbaya! Plastiki ya ndoo. Kimechongewa uani kwa mtu. Nakibonyeza hakiwaki, kikiwaka kinanuka soksi. Huyo muuzaji ni tapeli, mwizi, hana hata aibu, amekusanya mabaki ya wenzake akayabandika rangi."

"Mama, huwezi kujua feki kwa kuangalia..."

Mtu wa duka mwite mwongo, atacheka. Mwite mbaya wa sura, atakupunguzia bei. Lakini itukane bidhaa yake mbele ya watu... aaah! Damu inamchemka kabla kichwa hakijapata habari.

"Najua sana!" nikamkata. "Hata duka la midoli ya watoto wasingekipokea! Mjukuu, nenda kakitupe chooni. Takataka!"

"Usitupe!"

Akanipokonya mkononi!

"Takataka nini? Hii ni orijino! Angalia huu muhuri hapa, feki haina! Unabonyeza mara moja, itawaka vipi? Hii inabonyezwa mara tano mfululizo!" Kidole kikakimbia chenyewe, ti-ti-ti-ti-ti, taa ikawaka. "Umeona? Inafanya kazi safi! Tatizo ni kuilaza kwenye chaji usiku kucha, betri inakufa. Na nilishamwambia asi..."

Akasita.

Sebule nzima ikasita.

Taa inawaka mkononi mwake...

Sasa hapo hapo nawasimamisha na ninyi, mkae mnahema. Najua mkishajua mwisho mtakimbilia ukurasa wa mtu mwingine, kwa hiyo somo langu nalileta wakati bado mmenasa.

Ninyi wazazi mnaobandika makatazo kwenye friji, hongereni kwa kazi ya gundi. Mtoto wako akikuuliza kwa nini mkubwa aruhusiwe na yeye akatazwe, mjibu. Usimpe hotuba, usimpe kibao, mpe jibu. Na mpe kazi ya mikono huku mkiongea, asikutazame usoni, utasikia mambo. Akikutajia mtu unayempenda, meza mate kabla hujanyanyua mkono.

Na ninyi vijana mnaonisoma mmejifungia chooni, moshi unawatoka puani: bibi yenu anawacheka. Mnasema hamtawaliwi na mtu, kumbe mna bosi wa plastiki mwenye chaja! Na huyo mkubwa anayewapa kwa siri, anayewaambia na mtu wa kumsingizia mkikamatwa, msidhani amewapenda. Ameshawapanga kwenye rafu.

Mjukuu wangu hakuacha kwa siku moja, nisiwadanganye. Tulikwenda wote zahanati, tukapata mshauri anayeongea na vijana, akavumilia siku za kichwa kuuma na hasira, na nyumba nzima ikavumilia hasira zake. Kuna siku alirudi nyuma, akaja akaniambia mwenyewe, tukaanza tena. Anaendelea. Na mimi bado nabadilisha zipu dirishani pangu.

Haya, turudini sebuleni, nimemwacha mtu mdomo wazi.

"Ulimwambia nani?"

Aliyeuliza ni mwanangu! Ameliacha zulia, amesimama wima. Sikuwahi kujua kwamba ni mrefu kiasi kile.

"Nani... nani kivipi, shemeji?"

"Umesema 'nilishamwambia'. Ulimwambia nani asiilaze kwenye chaji?"

Mjomba akanitazama mimi. Nikamchekea na meno yote, ya kwangu na ya kununua. Kwangu hapakupitika, maana mimi ndiye niliyekuwa nakiita feki.

Akamtazama mjukuu wangu. Mtoto alikuwa amekaza macho, hayapepesi, shavu bado lina alama.

Akatafuta mwanamke mwingine mle ndani wa kumtupia. Alibaki mmoja.

"Si... si dada," akasema.

Mkwe wangu akageuka taratibu.

"Dada yupi?"

"Dada, usinifanye nionekane mbaya bwana. Si uliniagiza wewe? Ukasema kazini una mawazo mengi, unataka kitu cha kutuliza kichwa. Nikakuletea. Sasa kama mtoto alikichukua kwenye mkoba wako, mimi nahusikaje?"

Alilisema lote bila kujikwaa! Nikaona jinsi mtoto wa miaka kumi na sita alivyofundishwa na fundi.

Mkwe wangu aliinuka. Mkoba ukaanguka, hakuuokota.

"Mimi?"

"Dada, tuyamalize kifamilia..."

"Mimi, kaka? Mimi mwenye pumu? Mimi ambaye dawa ya mbu ikiwashwa kwa jirani nakata pumzi, na wewe ndiye uliyekuwa unanikimbiza zahanati mgongoni tukiwa wadogo?"

Mjomba akafungua mdomo.

"Sema tena," mkwe wangu akamwambia. "Nitazame usoni, kaka. Sema mimi ndiye ninayevuta."